Matabaka ya Ngozi na Tishu Zilizo Chini Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu huuliza kuhusu kovu, lengelenge, sindano, krimu au jeraha la moto kana kwamba ni mambo yasiyohusiana, ilhali jibu la karibu kila moja hutegemea kina: ni tabaka lipi lililofikiwa, na ni lipi lililosalimika. Kwa sababu hiyo, majibu yafuatayo yanaanza na mpangilio wa matabaka yenyewe kabla ya kugusa yale yanayowasumbua watu zaidi. Anayejua tayari tofauti kati ya epidermisi na demisi anaweza kuiruka sehemu ya kwanza.

## Mambo ya msingi

Ngozi ya binadamu ina matabaka mangapi?

Ngozi yenyewe ina matabaka makuu mawili. La juu ni epidermisi, ambayo ni nyembamba, haina mishipa ya damu, na imejengwa kwa seli zilizopangana safu juu ya safu. Chini yake kuna demisi, ambayo ni nene zaidi na imejaa nyuzi imara, mishipa ya damu, neva, tezi na mizizi ya nywele. Chini ya hayo mawili kuna tishu yenye mafuta iitwayo haipodemisi.

Vitabu vingine huihesabu haipodemisi kuwa tabaka la tatu la ngozi, na vingine huiweka nje ya ngozi kabisa. Tofauti hiyo ni ya hesabu tu. Mpangilio mwilini ni uleule.

Ngozi ina unene gani?

Inategemea mahali. Kwenye kope za macho, epidermisi ina unene wa takriban milimita 0.05, lakini kwenye viganja na nyayo hufikia karibu milimita 1.5. Demisi nayo huwa nyembamba mno kwenye kope na nene sana mgongoni, ambako inaweza kufikia milimita 3 au zaidi. Kwa hiyo anayeuliza ni wapi ngozi ni nene kuliko kwingine kote anastahili majibu mawili: kwa epidermisi ni nyayoni, na kwa ngozi nzima ni mgongoni. Ngozi yote ya mtu mzima ikitandazwa ingefunika eneo la mita za mraba 1.5 hadi 2.

Epidermisi imejengwaje?

Seli zake nyingi huitwa keratinosaiti, yaani seli zinazotengeneza keratini, protini ngumu ambayo pia ndiyo hujenga kucha na nywele. Seli hizo huzaliwa kwenye safu ya chini kabisa, safu ya msingi, kisha husukumwa kwenda juu na zile zinazozaliwa baada yake. Katika safu inayofuata hushikamana kwa viungio vingi imara, na ndivyo ngozi inavyoweza kuvutwa bila kuachana. Zikifika kwenye safu ya chembechembe hupoteza kiini, hujaa keratini na kutoa mafuta ya aina maalumu yanayoziba nafasi kati yao. Juu kabisa, kwenye safu ya pembe, zimekwisha kufa na kuwa bapa, na humomonyoka kidogo kidogo bila mtu kutambua. Viganja na nyayo vina safu moja ya ziada, nyembamba na angavu, iliyo chini ya safu ya pembe.

Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja kwa kijana na hurefuka kadiri umri unavyoongezeka. Haifai kuidharau safu ya pembe kwa kuwa imekufa, kwani ndiyo inayozuia maji ya mwili yasitoke ovyo na vijidudu visiingie. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye safu hiyo haijakomaa, hupoteza maji na joto kwa kasi ya hatari.

Ikiwa epidermisi haina mishipa ya damu, inalishwaje?

Hulishwa na demisi. Mpaka kati ya matabaka hayo si bapa: demisi huinua vichuguu vidogo mno vinavyoingia kwenye epidermisi, na ndani ya kila kichuguu kuna mishipa myembamba ya damu. Virutubisho na oksijeni hupenya kutoka humo hadi kwenye seli za msingi.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Mtu akianguka na kuchubuka goti juu juu, kwa sekunde chache jeraha huwa jeupe na lenye unyevu, kisha vitone vya damu hujitokeza kimoja kimoja, vikiwa vimetengana, kabla ya kuungana. Kila kitone kinatoka kwenye ncha ya kichuguu iliyokatwa. Kama mchubuko hautoi damu kabisa, ni epidermisi pekee iliyoondoka.

Rangi ya ngozi hutoka tabaka gani?

Hutoka hasa kwenye safu ya chini kabisa ya epidermisi, kwenye seli ziitwazo melanosaiti zilizotawanyika kati ya seli za msingi. Seli hizi hutengeneza melanini na kuigawa kwa keratinosaiti za jirani, ambazo huipanga juu ya kiini chake ili kukikinga na miale ya jua. Idadi ya melanosaiti hailingani na weusi wa mtu: watu weusi na weupe wana idadi inayokaribiana. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba, na muda inaodumu kabla ya kuvunjwa.

Katika ualbino melanosaiti zipo lakini hazitengenezi melanini ya kutosha. Katika vitiligo, ugonjwa wa mabaka meupe, seli zenyewe hutoweka mahali penye baka.

Je, alama za vidole ziko juu tu ya ngozi?

Hapana. Mistari hiyo hufuata vichuguu vya demisi vilivyoelezwa hapo juu, na hujengwa mtoto akiwa bado tumboni, kuanzia karibu na wiki ya 10 ya ujauzito. Epidermisi ikichubuka, mistari hurudi vilevile. Kidonda kilichofika kwenye demisi huacha kovu linaloikata mistari, na kovu hilo nalo huwa alama ya kudumu ya kumtambulisha mtu.

## Demisi na vilivyomo

Kazi ya demisi ni nini?

Demisi ndiyo inayoipa ngozi nguvu. Sehemu yake kubwa ni nyuzi za kolajeni, zinazozuia ngozi kuchanika, pamoja na nyuzi za elastini, zinazoirudisha mahali pake inapovutwa. Zote hutengenezwa na seli ziitwazo fibroblasti. Sehemu ya juu ya demisi ina nyuzi nyembamba zilizolegea; ya chini ina mafungu manene yaliyosukana. Ngozi ya mnyama inayotengenezewa viatu na mikoba ni demisi hiyohiyo baada ya nywele, epidermisi na mafuta kuondolewa.

Nyuzi hizo zina mwelekeo. Mwaka 1861 mwanaanatomia Karl Langer wa Vienna alitoboa ngozi za maiti kwa chombo chenye ncha ya mviringo, akaona kwamba matundu hayabaki ya mviringo bali huvutika kuelekea upande fulani, akachora mistari ya mwelekeo huo kwa mwili mzima. Madaktari wa upasuaji bado huzingatia mistari ya aina hiyo, kwa sababu mkato unaoifuata huachama kidogo na kuacha kovu jembamba.

Hisia za kugusa, maumivu na joto hutoka tabaka lipi?

Matabaka yote yanachangia. Ncha tupu za neva, zinazohisi maumivu, joto na baridi, hufika hadi ndani ya epidermisi. Vihisio vya mguso mwepesi viko kwenye vichuguu vya demisi, na vimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Vihisio vya mtetemo na mgandamizo viko chini zaidi, hata kwenye haipodemisi. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 ilitolewa kwa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso.

Nywele na tezi ni sehemu ya epidermisi au demisi?

Zimekaa ndani ya demisi, na nyingine huzama hadi kwenye mafuta, lakini asili yake ni epidermisi iliyojikunja na kushuka chini mtoto akiwa tumboni. Kuta za kinyweleo na mirija ya tezi za jasho zimefunikwa na seli za ukoo wa epidermisi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini bila kulielewa hakuna atakayeelewa jinsi majeraha yanavyopona. Tazama maswali ya kuungua na kupandikiza ngozi.

Mtu ana tezi za jasho milioni 2 hadi 4. Viganja na nyayo vina tezi hizo kwa wingi, ila havina nywele wala tezi za mafuta.

## Chini ya ngozi

Je, haipodemisi ni mafuta tu?

Mafuta ni mengi, lakini yamegawanywa katika vifungu kwa kuta za tishu unganishi zinazoifunga ngozi na tishu za chini. Humo hupita mishipa mikubwa ya damu na neva zinazoelekea kwenye ngozi. Tabaka hili huhifadhi nishati, huzuia joto lisipotee na hupunguza makali ya pigo. Seli zake pia hutoa homoni, ikiwemo leptini, ambayo huuarifu ubongo kuhusu akiba ya mafuta iliyopo.

Baada ya mafuta kuna nini?

Kuna utando imara unaoitwa fashia, ambao umeifunika misuli. Kisha misuli yenyewe. Kisha utando wa mfupa na mfupa. Hata hivyo mpangilio huu haufanani kila mahali. Mbele ya muundi wa mguu hakuna misuli kati ya ngozi na mfupa, na ndiyo maana pigo dogo hapo huuma sana na kidonda chake hupona polepole. Usoni, misuli mingi imejishikiza kwenye ngozi yenyewe badala ya kuunganisha mfupa na mfupa, jambo linalowezesha kutabasamu na kukunja uso.

Kwa nini sindano nyingine huchomwa juu juu na nyingine kwa kina?

Kwa sababu kila tabaka huipokea dawa kwa namna yake. Chanjo ya BCG na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu huwekwa ndani ya demisi, sindano ikiwa imelazwa karibu sambamba na ngozi. Zikiwekwa ipasavyo hutokea uvimbe mdogo mweupe wenye vitundu kama ganda la chungwa. Demisi ina seli nyingi za kinga, kwa hiyo dozi ndogo hutosha.

Insulini huwekwa kwenye mafuta, ambako damu ni chache kuliko kwenye misuli na dawa huingia mwilini taratibu. Chanjo nyingi nyingine huchomwa kwenye misuli, sindano ikiwa wima. Kwa mtu mwenye tabaka nene la mafuta, sindano fupi inaweza isiifikie misuli, kwa hiyo mhudumu huchagua urefu kulingana na mwili wa mtu.

## Majeraha na magonjwa kwa kina chake

Maji ya lengelenge yako kati ya tabaka gani na gani?

Lengelenge la kusuguliwa na kiatu huwa ndani ya epidermisi: safu za juu huachana na za chini, na maji hujaa katikati. Hupona bila kovu, na ni afadhali lisitumbuliwe, kwa sababu paa lake ni bandeji safi kuliko yoyote ya kununua. Katika baadhi ya magonjwa, yakiwemo ya kurithi yanayomfanya mtoto atoke malengelenge kwa mguso tu, mtengano huwa kwenye mpaka wa epidermisi na demisi, au chini yake.

Viwango vya kuungua vinamaanisha nini?

Vinaeleza kina. Kiwango cha kwanza kimegusa epidermisi tu: ngozi huwa nyekundu au huiva, huuma, na hakuna malengelenge. Kiwango cha pili kimeingia kwenye demisi. Kikiishia sehemu yake ya juu huleta malengelenge na maumivu makali, lakini hupona kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa seli za epidermisi zilizosalia kwenye vinyweleo na mirija ya jasho hutambaa na kulifunika jeraha. Kikifika chini zaidi, vyanzo hivyo huwa vichache na kovu huwa kubwa.

Kiwango cha tatu kimeimaliza demisi yote. Ngozi huonekana nyeupe, ya kahawia au nyeusi, ikiwa kavu na ngumu, na mara nyingi katikati hapaumi kwa sababu neva zimeungua. Kutouma huko kusimdanganye mtu, kwani jeraha la namna hiyo ndilo linalohitaji hospitali haraka.

Huduma ya kwanza ni kupoza kwa maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, mafuta wala dawa ya meno.

Ngozi ya kupandikiza hutolewa wapi, na pale ilipotolewa hupona vipi?

Mara nyingi hutolewa pajani. Daktari hukata ukanda mwembamba wenye epidermisi pamoja na sehemu ya demisi, na kwa makusudi huacha demisi ya chini ikiwa na mizizi ya vinyweleo na tezi. Pale ilipotolewa hupona kutokana na mizizi hiyo, kama ilivyoelezwa kwenye jibu lililotangulia. Kipande kilichohamishwa huishi siku za mwanzo kwa majimaji yanayopenya kutoka chini, kisha mishipa ya damu huungana nacho. Kwa hiyo kikisogezwa au damu ikikusanyika chini yake, hakishiki.

Kwa nini majeraha mengine huacha kovu na mengine hapana?

Epidermisi hujizaa upya kikamilifu. Demisi huzibwa kwa kolajeni mpya isiyosukwa kama ya mwanzo. Kovu halina vinyweleo wala tezi za jasho, na halirudishi nguvu yote ya ngozi. Lililokomaa hufikia takriban asilimia 80.

Baadhi ya watu, hasa wenye ngozi nyeusi, hupata keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvuka mipaka ya jeraha, zaidi kwenye ndewe za masikio, kifuani na mabegani. Kulikata peke yake mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi, kwa hiyo upasuaji huunganishwa na matibabu mengine.

Je, michirizi ya ujauzito au ya kunenepa inaweza kuondoka?

Hupungua rangi lakini haifutiki kabisa. Ni majeraha ya demisi yaliyofunikwa na epidermisi nzima.

Choa, upele, jipu na selulaitisi vinatofautianaje?

Kwa kina, kati ya mengine. Fangasi wa choa hula keratini na hukaa kwenye safu ya pembe, kwa hiyo dawa ya kupaka mara nyingi hutosha, isipokuwa wakiingia kwenye nywele au kucha. Kijidudu cha upele huchimba vijia humohumo juu, ingawa mwasho hutokana na kinga ya mwili wote. Jipu huanzia kwenye kinyweleo na kushuka hadi demisi na mafuta. Selulaitisi ni maambukizi yanayosambaa kwenye demisi ya chini na mafuta, yenye wekundu, joto na uvimbe usio na mpaka dhahiri, huhitaji antibiotiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, na hapo joto, uvimbe na maumivu ndiyo ya kutegemea.

Maambukizi yakifikia fashia hali huwa ya dharura. Dalili ya kuhofiwa ni maumivu makali kupita kiasi kulinganisha na kinachoonekana juu ya ngozi.

## Vinavyopakwa na kuingizwa

Je, krimu ya kolajeni huongeza kolajeni ya ngozi?

Hapana, kwa kuipaka. Molekuli zinazopenya safu ya pembe kwa urahisi ni ndogo, kwa kawaida chini ya daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na molekuli ya kolajeni ina takriban daltoni 300,000. Krimu hiyo hubaki juu, ikisaidia tu ngozi isikauke. Kazi hiyo si mbaya, ila hata mafuta ya kawaida ya kujipaka huifanya.

Krimu za kung'arisha ngozi hudhuru tabaka gani?

Hutegemea kilichomo. Zenye steroidi kali, zikitumiwa kwa muda mrefu, huikondesha epidermisi na demisi pamoja: mishipa ya damu huanza kuonekana, michirizi hutokea na ngozi huchanika kirahisi. Haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu kwenye demisi, ambao ni mgumu sana kuondoa. Zebaki haiishii kwenye ngozi. Huingia kwenye damu na kudhuru figo na neva.

Kama epidermisi hubadilika kila mwezi, kwa nini tatuu haifutiki?

Wino huwekwa kwenye demisi, si kwenye epidermisi. Huko humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba makrofaji zikifa huuachia wino, na zinazochukua nafasi yake huumeza tena palepale.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Kwa nini ncha za vidole hukunjamana majini?

Wengi hudhani ngozi imenyonya maji tu. Lakini kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani kama vingine. Mfumo wa neva huibana mishipa ya damu ya kidole, tishu za ndani hupungua ujazo, na ngozi iliyo juu huingia ndani kwa mikunjo.

Kwa nini ngozi ya wazee huchanika kwa kuguswa kidogo?

Vile vichuguu vya demisi huwa bapa kadiri umri unavyosonga, na epidermisi hukosa pa kujishikiza. Mkono ukivutwa, tabaka moja huteleza juu ya jingine. Kwa sababu hiyo plasta yenye gundi kali haifai kwao.

Kwa nini ngeu hutoa damu nyingi kuliko kidonda cha mahali pengine?

Chini ya ngozi ya kichwa kuna tishu nzito ya nyuzi iliyoishikilia mishipa ya damu pande zote, kwa hiyo ikikatwa haiwezi kunywea na kujifunga kama kwingine. Kubana kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa mfululizo, bila kufunua kuchungulia, kwa kawaida huizuia. Ikiwa panahisiwa kubonyea au kucheza chini ya jeraha, anayesaidia asibane palepale. Afunike taratibu na kwenda hospitali.

Mtu aligongwa kwenye paji la uso. Kwa nini siku iliyofuata amevilia damu machoni?

Chini ya tishu hiyo nzito na bamba la msuli wake kuna tabaka lililolegea, ambamo damu inaweza kutembea. Nyuma na pembeni tabaka hilo limefungwa kwenye mfupa, lakini mbele msuli wa paji la uso umejishikiza kwenye ngozi, si kwenye mfupa, kwa hiyo damu huteremka hadi kwenye kope, ambako ngozi ni nyembamba na karibu haina mafuta. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe kwa wiki mbili hivi. Hata hivyo, macho yote mawili yakivilia damu baada ya pigo la kichwa, au kukiwa na kutapika, usingizi usio wa kawaida au majimaji yanayotoka puani au masikioni, mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa kuvunjika kwa sakafu ya fuvu huleta sura hiyohiyo.